Gunia Lililooza Juu ya Jiko Langu

Ipogolo, Iringa
Jumapili, jua bado lipo

Mwanangu Atuganile,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa Mama Jose, na mimi nimekaa hapa kizingitini na daftari lako la zamani lililobaki kurasa. Najua utachelewa, maana kichwa chako kina nywele za bibi yako, zinamchosha msusi. Nikisubiri urudi nikwambie kwa mdomo, nitalia, na wewe utasema "jamani mama," na maneno yatakatikia hapo. Bora niandike. Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la nne. Vumilia tu herufi zinazopanda juu ya mstari kama mbuzi.

Sitaandika habari za kula, wala za kuvaa, wala za kwenda ibadani. Hayo nimeyasema tangu Alhamisi mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza kuuliza. Sweta mbili nimezificha chini kabisa ya begi. Ukizikuta usinipigie simu kunicheka, baridi ya Mbeya haina utani.

Leo kanisani mchungaji alipotaja jina lako, kwamba kesho unakwenda kuanza kazi kwenye maabara ya serikali kule Mbeya, maabara inayopima damu na vitu vya kesi, watu walipiga makofi mpaka bati likaitikia. Mama Jose akanisukuma ubavuni. "Simama na wewe, mwenzetu! Huyo alizaliwa na nani?" Nikasimama. Mimi muuza wali wa barabarani, nimesimama kanisani, akina mama wananipigia vigelegele. Nilijisikia mrefu, Atu, kichwa kinagusa paa. Nilipokaa, nikaona haifai uondoke hujui nusu ya habari ya mjomba wako Ambakisye. Ile nusu nyingine unaijua, maana uliiona kwa macho.

Unakumbuka Rujewa. Baba yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwa nawapikia wafanyakazi wa mashine ya kukoboa mpunga, uji asubuhi, wali maharage mchana. Mjomba wako, mdogo wangu wa mwisho, alikuwa anabeba magunia hapo hapo mashineni. Sare yako ya kidato cha kwanza na cha pili ilitoka mgongoni kwake.

Jioni, vyombo vikishaoshwa, tulikwenda dukani kwa Mama Furaha kuangalia tamthilia za upelelezi. Wewe ulikaa chini mbele kabisa, mimi kwenye kreti ya soda. Zilikuwa za nchi za watu, lakini zimetiwa Kiswahili na mwanamume mmoja anayesema sauti za wote, ya mpelelezi, ya muuaji, ya mjane, nadhani hata ya mbwa. Nilizipenda, nisikufiche. Baada ya msiba wetu zilinipumzisha. Mtu ameuawa, nyumba nzima inalia, halafu anaingia dada mmoja ana koti jeupe na viatu virefu, anainama, anaokota unywele mmoja, anautia kwenye kamfuko ka plastiki, na kabla tangazo la sabuni halijaisha ameshamjua aliyefanya, anapoishi na alichokula jana. Maabara yao ina giza kama baa. Kompyuta inapitisha nyuso, pa pa pa, halafu inalia, jina linatokea jekundu. Na yule dada mwenyewe anachomoa bastola anakwenda kukamata! Nikawa nasema moyoni, haki ndiyo hii, haina njoo kesho wala mkubwa hayupo ofisini.

Ubaya wake, nikaanza kujiona na mimi ninayo akili hiyo. Jogoo wa jirani alipopotea nilifuata manyoya mpaka jikoni kwa mtu, nikamkuta kweli anachemsha. Watu wakanipachika jina, Mama Mpelelezi. Nikalipenda lile jina. Nikawa natembea nalo.

Sasa asubuhi ile. Nilifika mashineni na sufuria ya uji kichwani, nikakuta watu wamejaa. Mlango wa stoo uko wazi, mota ya mashine imefunguliwa na kubebwa, na mlinzi, yule Mzee Sanga aliyekuwa anakuita mchumba wake, amelala kwenye pumba, kichwa kimepasuka. Yuko hai lakini hasemi. Watu wanamtafutia usafiri wa hospitali, polisi bado hawajafika.

Kando ya mlango niliona gunia tupu la katani, bichi kwa damu, kama mtu amejifutia mkono. Watu wanalikanyaga. Nikasema, hawa wataharibu ushahidi. Nikavaa mifuko ya nailoni mikononi iwe glavu zangu, wakati ule nailoni ilikuwa haijakatazwa. Nikalikunja gunia vile vile na ubichi wake, nikalitia kwenye mfuko mweusi, fundo mbili, nikaongeza mfuko mwingine juu. Nikaenda nalo nyumbani chini ya kitenge.

Na nikaliweka wapi? Pale ninapoweka kitu nisichotaka kipotee. Darini juu ya jiko, katikati ya mahindi ya mbegu. Unajua mbegu hatuiweki kabatini. Tunaitundika kwenye moshi, mdudu asiiguse, mpaka mvua ije. Nikasema damu hii nayo itangoja salama kama mbegu. Na polisi wa pale Rujewa sikuwaambia. Nilitaka nimkabidhi mkubwa mwenyewe atakayetoka Mbeya, kama kwenye tivii.

Nikarudi mashineni kugawa uji. Kwenye saa nne hivi Ambakisye akaja, amechelewa kazini, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, damu imepenya.

"Amba, mkono umefanya nini?"

"Nimejikata, dada."

"Umejikata na nini?"

"Nipe uji kwanza."

"Nakuuliza umejikata na nini?"

"Na chuma. Mbona unanihoji kama afande?"

Akachukua kikombe akageukia pembeni. Nikaangalia chini. Kwenye pumba, karibu na mlango, palikuwa na alama ya kiatu cha plastiki, yeboyebo, kisigino kimeliwa upande mmoja. Nikaangalia miguuni kwake. Yeboyebo, kisigino kimeliwa upande mmoja. Kwenye tamthilia, mtu akikwepa swali namna ile, ni yeye. Wewe uliyekuwa unakaa chini mbele kabisa ungesema hivyo hivyo.

Hapa ndipo ilipo nusu usiyoijua. Uliniuliza wakati ule, "Mama, nani alimtaja mjomba?" Nikakujibu, "Polisi wenyewe, waliona jeraha." Nilikudanganya. Niliyemtaja ni mimi. Nilimfuata afande wa pale Rujewa nyuma ya mashine, nikamwambia habari ya mkono, ya kuchelewa na ya yeboyebo. Mdogo wangu wa tumbo moja.

Usidhani nilimchukia. Nilizunguka ile sufuria ya uji mara ngapi sijui. Lakini nilikuwa na hakika ya jambo moja. Lile gunia ninalo. Watalipima. Kama si yeye, kompyuta italia, jina la mwingine litatokea, na Amba atakuwa amerudi kabla ya chakula cha jioni. Nilidhani ni jambo la jioni moja, mwanangu. Nilipika na maharage yake.

Wakamchukua mbele ya wabeba magunia wenzake. Uji wake ulikuwa haujapoa kikombeni. Kosa walilomwandikia ni unyang'anyi wa kutumia silaha, na huo ni miaka thelathini, sijui mtu anaihesabuje.

Kesho yake akaja yule askari wa kike kutoka Mbeya. Unamkumbuka, mfupi, ana miwani imefungwa kwa uzi. Nilimngoja nikitazamia koti jeupe na viatu virefu, nikaona raba zimechakaa na begi kama la fundi bomba. Hakuuliza mtu jina. Alisimama mlangoni muda mrefu mpaka nikadhani amesahau alichofuata. Wote tulikuwa tunaangalia mlango uliovunjwa, yeye akazunguka nyuma, kwenye kidirisha kidogo ambacho hakuna aliyekitazama. Kioo kilikuwa kimepasuka, kipande kimebaki kwenye fremu, na kwenye ncha yake damu imeganda, kavu, kama kutu. Akakitoa taratibu, akakikunja kwenye karatasi, akakitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika, akasaini, akampa mwenzake naye akasaini.

Mimi na Mama Furaha tuliangaliana.

"Bahasha?" Mama Furaha akanong'ona. "Anamwandikia barua nani?"

Nikacheka. Niliona aibu kwa ajili ya serikali. Nikasema hawa hata kamfuko ka plastiki hawana, ngoja waone changu. Lakini siku ile alikuwa na haraka ya kwenda hospitalini kwa Mzee Sanga, akaondoka sijamwambia. Siku ya nne ndiyo nikamkuta kituoni. Nikaingia na mfuko wangu kifuani kama nimebeba mtoto wa kubatizwa. Nikauweka mezani. Afande wa Rujewa akaufungua, harufu ikatoka, akarudi nyuma na kiti chake.

Yule mwenye miwani akasogea. "Mama, ulipoliweka lilikuwa limelowa?"

"Chapachapa."

"Ukalifunga kwenye nailoni."

"Mbili, afande. Hewa haipiti."

Akafumba macho kidogo. "Limekaa wapi siku zote hizi?"

"Juu ya jiko, kwenye mbegu."

"Na jiko likiwaka?"

"Si ndiyo napikia?"

"Nani mwingine amelishika?"

"Hakuna." Nikakumbuka. "Mama Furaha alinusa tu."

Afande wa Rujewa akatoka nje kucheka, nikamsikia ukutani. Yule mwenye miwani hakucheka. Akanivutia kiti akaniambia taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa. Kwamba damu mbichi ukiifunga inaoza kama nyama, na ikiwa juu ya joto ndiyo kabisa. Kwamba ingekauka kivulini, ikakaa kwenye karatasi inayopumua, pengine ingesema.

"Lakini kwenye tivii wanatia kwenye plastiki!"

"Kwenye tivii, mama, ile ni rangi."

Sikukubali kushindwa. "Basi alama za vidole."

"Kwenye gunia la katani?"

"Na yeboyebo je? Kisigino kimeliwa!"

"Hata zangu nyumbani zimeliwa hivyo hivyo. Dukani kwenu wanauza aina ngapi?"

Wanauza moja, Atu. Rujewa nzima tulikuwa na yeboyebo moja, na wote tunatembea kwenye mchanga ule ule.

Nikamwuliza kwa sauti ndogo, hayo majibu ya bahasha yatatoka leo jioni? Akaniangalia. "Yakitoka kabla ya mvua, mama, nenda katoe sadaka." Kwamba kuna foleni, kuna vitu vya mikoa mingine, na kila kitu kinapimwa, kinahakikiwa na mtu wa pili. Wakamsugua Ambakisye pamba ndani ya shavu, wakaondoka nayo.

Mwezi wa pili tangu Amba akamatwe, akaja nyumbani msichana wa Kisangu amejifunga kitenge mpaka kidevuni. Wewe ulikuwa shuleni. Ndiye Salome, ambaye leo ni mke wa mjomba wako. Hakukaa hata nilipomkaribisha.

"Dada, Amba alijikata na mundu, shambani kwetu. Baba anaumwa, mpunga ulikuwa unamwagika. Amekuwa akituvunia alfajiri kabla hajaenda kazini."

"Mbona hakusema?"

"Angesemaje? Barua ya posa ilikuwa haijaletwa. Angesema yuko kwetu alfajiri, mimi ningekuwa nani hapa Rujewa?"

"Wewe polisi umewaambia?"

"Siku ya tatu nilikwenda. Wakaniambia mchumba huwa anasema chochote."

Na mundu si chuma? Mdogo wangu hakunidanganya hata neno moja.

Salome alipoondoka nilikaa jikoni nikaangalia juu, pale kwenye mbegu, palipobaki nafasi. Nikaelewa nilichofanya. Nilimpeleka ndani asiye na kosa, na kitu ambacho kingeweza kumtoa nilikipika mwenyewe, siku nne, kwa kuni zangu. Tangu hapo sikukanyaga tena kwa Mama Furaha. Wewe ulidhani nimechoka na tamthilia.

Ikabaki ile bahasha niliyoicheka. Niliiombea mwanangu, ungenisikia ungedhani naombea mtu. Kila Jumapili nikampelekea Ambakisye ugali na dagaa, tunaongea habari za mvua na za shule yako, na kila Jumapili nakwenda na neno langu la kutubu na narudi nalo. Miezi saba.

Siku ya mahakama ulikuwepo, ulikuwa umenishika kitenge. Lakini hukujua kwa nini nilishika benchi kwa mikono miwili. Ripoti ya maabara ilisomwa, na kitu cha kwanza kilikuwa gunia. Sampuli imeharibika, haikuwezekana kupata majibu. Basi. Ile heshima yangu yote, glavu zangu, fundo zangu, mstari mmoja. Ukanishika mkono ukasema, "Mama, bado kuna kingine." Ukiwa kidato cha pili! Ndipo ikasomwa ya kioo. Damu iliyo kwenye kioo ni ya mwanamume, na si ya mshtakiwa.

Mimi nikawa nangoja. Nangoja isome jina la mwizi, kama ile kompyuta. Ikaishia pale. Mpaka leo hatujui damu ile ni ya nani, na mota haikuonekana, na Mzee Sanga alipopona alisema alipigwa kwa nyuma hakuona mtu. Kwenye tamthilia wasingekubali imalizike hivyo, watu wangedai warudishiwe hela ya umeme. Lakini upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea, na hakimu akamwangalia Ambakisye akasema yuko huru. Hilo "si ya mshtakiwa" ndilo lililofungua mlango. Maneno matatu. Sijawahi kusikia wimbo unaoshinda hayo.

Msafara uliokuja baadaye uliuona wote. Mwenye mashine alimtuma dereva na pawatila yake, lile trekta dogo la mashambani, tela limejaa wabeba magunia wanaimba, wamempandisha Ambakisye juu kama bwana harusi, akina mama wanatandika vitenge barabarani, matairi yanapita juu ya vitenge vipya na hakuna anayelalamika. Mzee Sanga na kovu lake kichwani alikuwa mbele anacheza. Salome amesimama kwenye kona, hajui afiche uso au apige kigelegele, mwishowe akafanya yote mawili. Umeniuliza mara nyingi kwa nini mimi sikupanda tela, nilitembea nyuma kwa miguu. Sasa unajua.

Lakini kabla pawatila haijafika nilikuwa nimeshasema. Pale nje ya mahakama, wakati wewe umekwenda kununua maji. Nilimvuta pembeni nikamwambia, Amba, ni mimi niliyekutaja. Nikangoja anitemee mate.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Afande alinisomea maneno yako siku ya kwanza. Mpaka ya yeboyebo."

"Ulijua, na ukala ugali wangu miezi saba?"

"Sasa ningekula wa nani, dada? Wa mle ndani una mawe."

Nikaanza kulia, yeye anacheka, halafu naye akalia. Akaniambia nisilie kwa kusema, maana nilisema nilichoona, nami sikuongeza. "Ila uliona kidogo, ukajaza mwenyewe kilichobaki." Hakuwahi kulirudia tena. Alioa, ana watoto watatu, mkubwa amempa jina langu, na mimi kila nikimwita yule mtoto namsikia mjomba wako akicheka rohoni.

Tulihamia hapa Ipogolo muhula uliofuata. Nilikwambia ni kwa sababu ya shule nzuri na madereva wengi wa malori wa kununua chakula. Shule ilikuwa nzuri kweli. Lakini nilikimbia jina la Mama Mpelelezi.

Na kumbe nilikuwa nimebeba kitu kutoka kule bila kujua. Siku ya kwanza hapa, tunapanga vyombo, ukaniambia, "Mama, nataka kuwa kama yule."

Nikashtuka. "Yule wa viatu virefu?"

"Yule wa bahasha."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta maji.

Tangu hapo umekuwa ukinifundisha wewe. Ulipokuwa chuoni nilikupigia nikuulize kama mmepewa bastola. "Mama, tumepewa fomu." Nikakuuliza kwenye giza la maabara mnaonaje. "Taa ni nyingi mpaka macho yanauma." Nikauliza, mnamkamata nani? "Hatukamati mtu, mama. Hata kumwona hatumwoni." Ukanieleza kwamba kitu kikipita mkono mmoja kwenda mwingine kila mmoja anasaini, nikakumbuka mtoto mchanga msibani, anapitishwa kwa akina mama ishirini na mama yake anajua kila aliyembeba. Hapo nikaelewa kuliko siku zote. Mimi yule mtoto nilimpa Mama Furaha amnuse.

Na likizo ile tuliyokaa kwa Mama Jose kuangalia tamthilia, ulipopiga kelele, "Ameinama na nywele wazi juu ya ushahidi!" Mama Jose akasema, "Atu, kama hutaki kuona toka nje." Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Lakini nakumbuka pia ulisema si zote uongo. Kwamba damu inaongea kweli, hilo hawakulitunga. Wameongeza tu mdomo. Imenikaa hiyo. Na mimi sizilaumu sana zile tamthilia, maana bila kreti ya soda kwa Mama Furaha huenda leo ungekuwa unachambua maharage na mimi hapa.

Atu, siku moja wataleta mezani kwako kitu kilichooza. Aliyekifunga alikifunga kwa moyo wake wote, pengine alikilaza kwenye mbegu. Utakuwa na hamu ya kumsaidia. Mkubwa wako atakuwa na haraka, ndugu watakuwa wamekaa nje kwenye benchi. Andika kwamba hakisomeki. Iliniuma mimi, na nimepona. Na siku nyingine kitasema nusu. Nakuomba uandike hiyo nusu, uweke kalamu chini. Kila bahasha itakayofika, kuna mama mahali fulani mwenye hakika kabisa, kama mimi nilivyokuwa, na kuna Amba ndani anayengoja. Mimi sikujua kungoja. Wewe umesomea kungoja, na hicho ndicho ninachojivunia mimi kuliko lile koti jeupe.

Nimempigia mjomba wako leo tulipotoka kanisani nikamwomba ruhusa ya kukuandikia haya. Akasema, "Umechelewa, dada, lakini mwandikie." Yeye na Salome na watoto wote watakuwa wamesimama njia panda ya Rujewa kesho basi lenu likipita. Wamesema wanakuja na ngoma, sijui kama wanatania. Mwambie kondakta mapema asimamishe. Ushuke.

Uyasome haya kabla hujafika pale. Halafu umwulize mjomba wako, mbali na watu, kama ilikuwa hivyo. Haya niliyoandika ni niliyoyaona mimi, na unajua sasa mimi ni shahidi wa namna gani. Pengine kuna mahali nimejaza. Nimemwambia akujibu lolote utakalouliza juu yangu, asinifiche kwa heshima. Mlinganishe na mimi, uone tunapopishana. Ukinikuta nimekosea mahali, nipigie uniambie, sitakasirika. Nitajua umeanza kazi.

Ndaga fijo, asante sana mwanangu, kwa kunifikisha hapa nilipo.

Mimi mama yako, Subilaga, niliyesimama leo kanisani.